Daftari la Njia ya Loleza

Mstari wa mwisho kabla ya moto ni wa Septemba,
mwandiko wa haraka: watu watatu, kutoka Iyunga,
wamepanda saa moja asubuhi.
Kwenye safu ya kurudi wameandika, tumeona moshi.
Kisha kurasa nne nyeupe,
na pembeni alama ya kidole changu, nyeusi.

Usiku ule mji ulitoka nje.
Mwanjelwa walizima redio. Ukiwa Soweto
uliuona mlima umevishwa ushanga mwekundu
unaopanda, unaokatika, unaoungana tena,
na mtoto wa dada yangu akapiga makofi.
Sikumkataza. Ulikuwa mzuri.
Hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo.

Tulipanda na matawi ya mkaratusi
tukaupiga moto kama mtu anayempiga nyoka
ndani ya nyumba ya jirani,
huku akichelea kuvunja vyombo.
Saa nane upepo ukageuka.
Andongwisye alishuka na buti moja,
la pili liliyeyukia juu.

Siku ya tatu nikaenda kuitafuta njia,
njia niliyoizoea hata bila tochi.
Ngazi za magogo zimekuwa mashimo,
kila shimo na shuka lake la kijivu, limetandikwa.
Kibao cha kileleni kimebakiza misumari minne.
Lakini ubaya ulikuwa chini:
mizizi huungua kimyakimya, wiki hata mbili,
unakanyaga udongo, udongo unafumbua mdomo.
Tukafunga kamba.
Wageni wakanung'unika, si umezimika?
Nikawajibu, umezimika machoni.

Ulitoka wapi? Sote tunajua.
Tumwitike alikuwa akisafisha shamba la pareto,
rundo dogo tu, anasema, rundo la kukaa kiganjani.
Hatukumshtaki. Hatukumsalimu pia.
Oktoba akatokea na sururu begani,
hakuna aliyemwita,
akaanza kuchimba ngazi ya kwanza.
Mchana tulipika viazi vya kuchemsha.
Hakuna aliyetaka vya kuchoma.

Mvua tuliyoiombea
ikaja kama mdai aliyechoka kusubiri.
Ikabeba majivu, ikabeba kona tatu za njia,
ikabeba kazi ya wiki tano kwa alasiri moja,
na kwa siku mbili mabomba yetu yakatoa chai.
Nilikaa juu ya jiwe nikalia kwa hasira.
Tumwitike akaliangalia lile jiwe.
"Hili haliungui," akasema,
"wala halichukuliwi."
Basi tukaanza upya, kwa mawe.
Tukayachongea maji njia yake, kando ya yetu,
maana ukiyanyima yatajipa.

Januari palikuwa kijani hata sikuamini.
Okidi za zambarau zimechomoza penye weusi,
vitunguu vyake vilikuwa vimelala chini muda wote ule
moto ukipita juu kama kelele za wapita njia.
Ila misonobari mikubwa haikurudi.
Nisikudanganye kwa maua:
kuna kivuli pale kona ya pili
ambacho hata mjukuu wangu hatakipumzikia.

Tulifungua mwishoni mwa Mei, Jumanne.
Hapakuwa na utepe wala hotuba,
afisa alituma salamu kwa simu.
Kamba niliifungua, nikaenda kufungia mbuzi.

Wa kwanza getini alikuwa yeye, na binti yake.
Miaka yote chini ya mlima, hajawahi kufika kileleni.
Aliandika jina polepole,
ukurasa wa tano, karibu na kidole changu.
Kwenye safu ya unatoka wapi, akasita.
Kalamu ikaning'inia.
"Andika unapotoka," nikamwambia.
Akaandika, Shambani.

Nikampa fimbo.
Nikamwonya kuhusu kona tatu zilizohama.
"Nazijua," akasema, "nimezibeba."